MREHANI WA UANI KWETU: NILIYOMWAMBIA SHANGAZI NA NILIYOPASWA KUMWAMBIA

(Mazungumzo yaliyotolewa katika kikao cha vijana baada ya swala ya Tarawehe)





 Nilipoombwa nizungumze usiku huu, ndugu mwenyekiti aliniuliza mada yangu ni ipi. Nikamwambia ni mrehani. Akacheka. Akasema, "Vijana wataka kusikia habari za masomo na kazi, wewe watuletea maua ya vikuba?" Nikamwomba anistahamilie, kwa sababu mrehani nusura unikoseshe shangazi yangu. Na mwenye makosa si mrehani, ni mimi.

Yaliyotokea

Mwaka uliopita nilirudi nyumbani Mombasa kwa likizo, Ramadhan ikiwa ishaingia. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, ana mirehani yake uani ameipanda katika makopo ya mafuta. Huichuma kwa vikuba, pamoja na asumini na mkadi, na majani mengine huyatia kwenye chai. Pia ana presha. Zahanati walikuwa wamempa vidonge vya kumeza kila siku.

Jioni moja tukifuturu akaniuliza, "Mwanangu, wewe wasoma mambo ya mimea huko chuo kikuu. Ni kweli mrehani ni dawa ya presha? Jirani asema yeye hunywa maji yake."

Mimi na tende mdomoni nikajiona mtaalamu. Nikamjibu, "Shangazi, mrehani una vitu vinaitwa flavonoidi. Hiyo ni sayansi. Hulinda mishipa ya damu." Basi. Sikuongeza neno, nikavuta sahani ya kaimati.

Sikujua kwamba tangu usiku ule aliacha vidonge vyake. Moyoni alisema, mtoto wetu amesoma na amesema. Tena saa za kumeza vile vidonge zilikuwa zikimtatiza kwa ajili ya saumu, kwa hivyo aliona ni nafuu imemjia. Siku ya kumi na moja akaanguka jikoni akikanda unga wa chapati za futari. Hospitali wakampima wakakuta presha iko juu mno, na amepata kiharusi kidogo. Alhamdulillahi, alipona. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito kwa muda wa miezi miwili, na hadi leo hawezi kufunga kikuba kama zamani.

Daktari aliuliza ni nani aliyemwambia aache dawa. Shangazi akaniangalia, kisha akasema, "Ni mimi mwenyewe." Ndugu zangu, wallahi neno lile liliniuma kuliko kama angenitaja.

Kuna rehani mbili katika Kiswahili chetu. Kuna hii inayonukia, na kuna ile ya kuweka kitu dhamana kwa deni. Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa kwa Kiarabu ni maneno mawili mbali mbali, na hata haa zake si moja. Lakini siku zile kumi na moja yalikutana. Shangazi aliweka afya yake rehani, na aliyemwandikia hati ni mimi kwa sentensi tatu za mezani.

Niliporudi chuo kikuu niliamua kusoma habari ya mrehani mpaka mwisho: flavonoidi zatoka wapi, zatengenezwa vipi, na mrehani wazitengeneza kwa ajili ya nani. Nitawaeleza yale niliyopaswa kumwambia shangazi siku ile.

Kitabu kilicho ndani ya jani

Mrehani ni wa ukoo mmoja na nanaa, zaatari na rosmari. Wana wa ukoo huu wengi hunukia, na harufu yao imo katika vifuko vidogo sana juu ya jani. Ukilifikicha jani, vifuko vinapasuka na mkono wote wanukia. Hizo flavonoidi za mrehani pia, nyingi ya zile za aina yake maalumu, zimo katika vifuko hivyo hivyo.

Kila chembe hai ya jani ina maagizo ya kuutengeneza mrehani mzima. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne za kikemia, na jumla yake ndiyo huitwa jenomu. Agizo moja huitwa jeni. Jeni nyingi kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya, yaani mfanyakazi mdogo anayejua kazi moja tu: kuunganisha hiki na kile, au kupachika kipande mahali fulani.

Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti wa India yalichapisha jenomu ya tulasi, ule mrehani ambao Wahindi huupanda majumbani. Maandishi waliyoweza kuyaunganisha hayakufika herufi milioni 400. Mwaka 2020 ikachapishwa jenomu ya mrehani wa kawaida, aina iitwayo Perrie, na hiyo ilikuwa na herufi zaidi ya bilioni 2, na jeni zaidi ya 60,000. Sisi binadamu tuna herufi kama bilioni 3, lakini jeni zetu za kutengeneza protini ni kama 20,000 tu. Nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimesoma vibaya. Jani la kopo la uani lina jeni nyingi kuliko mimi ninayelichuma!

Karibu robo tatu ya maandishi ya mrehani ni sehemu zinazojirudia rudia. Lakini sababu moja ya wingi wa jeni, na hii ndiyo muhimu kwetu leo, ni kwamba mrehani huo una seti nne za kromosomu, si mbili kama sisi. Yaani huko nyuma kitabu kizima kilirudufika. Kila agizo likawa na nakala yake.

Fundi wa kanzu na kigezo cha pili

Sasa nikilitaja neno mageuzi, najua wapo watakaonitazama kwa jicho la pembeni. Hata mimi, nikiwa nimetoka madrasa na kuingia ukumbi wa chuo kikuu, neno hilo lilinitia wasiwasi. Nawaomba utulivu. Usiku huu sikuja kuzungumzia asili ya binadamu, bali maandishi yaliyo ndani ya jani na jinsi yanavyobadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Hilo laonekana, lahesabika, na lapimwa maabarani. Nani aliyeweka mpango huo, sisi tuliokaa hapa twajua jibu letu. Lakini mpango wenyewe haufahamiki ila kwa kuuchunguza.

Mfikirieni fundi wa kanzu wakati kama huu, Idd inakaribia na wateja wamejaa mlangoni. Ana kigezo kimoja cha karatasi. Kigezo hicho hathubutu kukichezea, maana akikikata vibaya hana kanzu tena. Lakini akipata nakala ya pili, mambo yabadilika. Kigezo cha kwanza kitaendelea na kanzu zile zile. Cha pili anaweza kukipunguza hapa, kukiongeza pale. Mara nyingi ataharibu na kukitupa. Mara moja moja atapata vazi jipya ambalo watu watalitaka.

Hivyo ndivyo jeni zinavyopata kazi mpya. Nakala moja hubaki na kazi ya zamani ili mmea usife. Nakala ya pili yapata nafasi ya kubadilika herufi. Nyingi ya nakala hizo huharibika na kupotea. Chache hupata kazi nyingine, na ikiwa kazi hiyo yausaidia mmea kuishi na kuzaa mbegu, yabaki na kurithiwa.

Ushahidi? Upo, na ni wa mrehani wenyewe. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha habari za vimeng'enya viwili vya mrehani. Kimoja hutengeneza kemikali yenye harufu kama ya shamari. Kingine huishika eujenoli, ambayo ndiyo ile harufu ya karafuu, na kuigeuza kidogo. Vimeng'enya hivi vinafanana kwa asilimia 90, ni ndugu wa damu. Watafiti walipobadilisha tofali moja tu katika kile cha kwanza, tofali moja katika mamia, kikaanza kufanya kazi ya ndugu yake. Kwa hiyo ukiona mirehani miwili sokoni, mmoja wanukia karafuu na mwingine shamari, usishangae. Badiliko dogo kama hilo latosha kupotosha njia ya harufu.

Njia ya flavonoidi

Harufu ya karafuu na flavonoidi huanza safari pamoja. Mrehani huchukua fenilalanini, kitu ambacho hutumika pia kujenga protini, ukaivua sehemu moja na kuipachika nyingine. Baada ya hatua tatu hivi wafika njia panda. Tawi moja laenda kwenye harufu. Tawi la pili laenda kwenye flavonoidi: hapo kimeng'enya kimoja huongeza vipande vitatu vidogo, kingine hufunga pete, na baadaye hupatikana kitu kiitwacho apijenini. Hadi hapa mimea mingi sana yaijua kazi hii.

Mrehani haukusimama hapo. Umeiendeleza apijenini kwa kuipachika oksijeni mahali maalumu, kisha kuzifunika sehemu zile kwa vipande vidogo vya kaboni, mpaka zapatikana flavoni zenye majina kama salvijenini na nevadensini. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State kule Marekani walieleza kikundi cha vimeng'enya vinavyofanya kazi ya kufunika, kila kimoja na mahali pake. Mwaka uliofuata wakakionyesha kimeng'enya kinachopachika oksijeni katika nafasi ya 6.

Ikabaki nafasi ya 8. Kwa kawaida kazi za namna hii hufanywa na kabila moja kubwa la vimeng'enya, na kila mtu angetarajia kumkuta mfanyakazi humo. Mwaka 2014 watafiti hao wakachapisha jibu, na jibu halikuwa humo. Mfanyakazi wa nafasi ya 8 katika mrehani atoka katika ukoo mwingine wa kale kabisa, ukoo ambao ndani yake yumo yule anayevunja rangi ya kijani jani linapozeeka na kuwa la manjano. Ukoo huo huishi pale pale penye ukijani, ndani ya vyumba vidogo vya chembe. Naam, jamaa wa wale wenye kazi ya kushughulikia ukijani, huyu mmoja katika mrehani akaonekana kwenye vifuko vya harufu akitengeneza flavoni!

Tena kuna mmea wa China wa ukoo huo huo wa nanaa, ambao mizizi yake hutumiwa katika dawa za kienyeji za huko. Nao hupachika oksijeni katika nafasi ya 8, lakini wao walichukua mfanyakazi kutoka lile kabila kubwa la kawaida. Jamaa wawili wamefika mahali pamoja kwa njia mbili, kila mmoja kwa nakala aliyokuwa nayo.

Kwa ajili ya nani?

Sasa twafika kwenye swali ambalo shangazi hakuliuliza na mimi sikulijibu. Kazi yote hii, jeni zote hizi, mrehani wafanya kwa ajili ya nani?

Mmea hauwezi kukimbia. Jua likiwa kali hauendi kivulini. Mdudu akija hauna mkono wa kumfukuza, na ukungu ukiota juu ya jani hauwezi kujifuta. Kinga yake ni kemikali. Mwaka 1993 watafiti walionyesha kwamba mmea mdogo wa maabara uliokosa uwezo wa kutengeneza flavonoidi uliumizwa sana na ile miale mikali ya jua isiyoonekana kwa macho. Flavonoidi huinasa miale hiyo. Nyingine katika mimea huzuia vijidudu na kuwachukiza wadudu wanaokula majani.

Basi mrehani wajilinda wenyewe. Hakuna jeni ndani yake iliyochujwa vizazi na vizazi kwa sababu ya presha ya shangazi yangu. Huenda kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya jani kikamfaa binadamu pia, na dawa nyingi za hospitali zilianzia kwenye mimea kwa namna hiyo. Lakini hilo halijulikani kwa kusema "una flavonoidi". Vitunguu vina flavonoidi, chai ina flavonoidi, machungwa yana flavonoidi. Lazima ijulikane ni ipi, kiasi gani, yafika kwenye damu au haifiki, na ikifika yafanya nini kwa mtu mgonjwa. Flavonoidi nyingi tunazokula hufyonzwa kidogo tu. Nyingine hugeuzwa na bakteria wa tumbo na ini kabla ya kufika popote. Kitu kikifanya kazi katika chupa ya maabara, bado kina safari ndefu mpaka kwa mgonjwa.

Na kitu kuwa cha asili si hati ya usalama. Ile kemikali ya harufu ya shamari, wakipewa panya kwa kiasi kikubwa, imewasababishia saratani ya ini, na ndiyo maana nchi za Ulaya zimewekea mipaka matumizi yake katika vyakula vya viwandani. Msiogope, majani machache kwenye chai au mchuzi si neno. Lakini kukamua mafuta ya mrehani na kuyanywa kwa kijiko ni jambo jingine. Pia majani ya mrehani yana vitamini K nyingi. Mwenye kutumia warfarin ya kuzuia damu kuganda asianze kuyala kwa wingi bila kumwambia daktari wake.

Wengine wataniambia, "Lakini neno rayhan limo katika Qur'ani." Ni kweli, limo katika Surat Ar-Rahman na Surat Al-Waqi'a. Nami lanifurahisha kila nikipita hapo. Lakini kwa Kiarabu neno hilo hubeba mimea yenye kunukia vizuri kwa jumla, na hakuna aliyetuambia pale kwamba twache vidonge vya presha. Tusiibebeshe aya maneno yetu ili tuuze chupa zetu.

Ninachowaomba

Ndugu zangu vijana, wengi wenu mwasoma, au mtasoma. Nyumbani mtaulizwa. Mama ataulizia dawa, babu ataulizia mbegu, jirani ataulizia kitu alichoona kwenye simu. Wao hawawezi kuyapima maneno yetu, watuamini tu. Neno moja la kitaalamu likitamkwa na kijana aliyesoma, kwao ni kama fatwa. Basi ukijua nusu, sema nusu, na useme kuwa ni nusu. Kusema "sijui, nitamuuliza anayejua" hakukupunguzii cheo. Maulamaa wetu wakubwa walikuwa hawaoni haya kusema hawajui, sembuse sisi wa mwaka wa tatu?

Na wazee wetu, mwenye dawa ya presha au sukari asiiache kwa sababu ya mwezi huu. Nendeni kwa daktari muulize. Dawa nyingi za kila siku zaweza kupangwa zikamezwa wakati wa futari au daku. Na yule ambaye daktari amemwambia kufunga kutamdhuru, dini imempa ruhusa yake.

Jambo la mwisho. Mwaka huu nilipofika nyumbani nilikaa na shangazi uani, kando ya yale makopo. Nikamweleza yote haya, kitabu chenye herufi bilioni 2, fundi na kigezo chake, na mfanyakazi wa ukijani aliyehamia kwenye vifuko vya harufu. Kisha nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akafikicha jani kwa ule mkono wa kushoto, akanusa.

"Kwa hivyo huu mrehani hauna habari na mimi?"

Nikamwambia, "Hauna, shangazi. Wenyewe una habari na jua na wadudu."

Akacheka. "Basi mimi ndiye mwenye habari nao. Nitaunusa, na vidonge vyangu nitameza." Kisha akaniambia, "Na wewe, mambo haya usiniambie mimi peke yangu. Kawaambie na wenzako."

Ndiyo maana nimesimama hapa usiku huu. Namwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu, na azipokee saumu zetu. Amin.